Rubani, Mke wa Nani?

Kama kuna neno ambalo Kiswahili kimetupa bure, bila sharti wala kodi, ni rubani. Halina kiume wala kike. Rubani amefika, rubani ameondoka, rubani amechelewa na sisi tumekaa kwenye viti vya chuma uwanjani tukitazama vumbi la Dodoma linavyozunguka kwenye njia ya kurukia. Huna haja ya kujua anafuga ndevu au anasuka nywele. Ngeli ni ile ile ya A-WA, inayowabeba rais, mbuzi na chawa bila kubagua. Waliotutengenezea lugha walimaliza kazi yao mapema wakaenda kupumzika. Kisha tukaja sisi wenye haraka ya kusifu, tukamfunga rubani mkia: rubani mwanamke. Rubani wa kike. Mwanamama rubani. Na siku hizi, kwa vijana wa mitandaoni, mwanadada rubani, akifuatiwa na vimioyo vyekundu na bendera ya taifa.

Mkia huu unanikera kuliko vumbi lenyewe, na vumbi la Dodoma mwezi wa tisa si jambo dogo.

Ushahidi ninao. Shule moja ya sekondari ya kata hapa mjini, ambayo siitaji kwa sababu bado nataka kualikwa pilau, iliamua kufanya siku ya taaluma. Kwetu Nkuhungu kila mwalimu mstaafu ni katibu wa kitu fulani. Mimi nikawa katibu wa kamati ya maandalizi, cheo ambacho mtu hapewi kwa kuwa anajua kuandika. Anapewa kwa kuwa amekuja na kalamu. Mkuu wa Shule alikuwa amempata mgeni wa maana: rubani wa ndege za abiria aliyesoma hapa hapa Dodoma kabla hajaenda kusomea mambo ya anga.

“Mgeni wetu rasmi ni rubani,” akatutangazia. Tukapiga makofi.

“Mwanamke,” akaongeza. Tukapiga makofi upya, safari hii kwa nguvu zaidi, na kuna mjumbe aliyesema “Mungu mkubwa”.

Nikabaki najiuliza makofi yale ya pili yalikuwa ya nini. Kama ni ya kazi, tulishayapiga.

Ajenda namba tatu ilikuwa maneno ya bango. Nilidhani ni jambo la dakika tano, kwa hiyo nilikuwa nimeshaanza kufikiria chakula cha mchana. Mwenyekiti wetu, mstaafu wa reli, mtu mwema anayependa mambo yaeleweke, akasema tuandike MGENI RASMI: RUBANI MWANAMKE, ili watu waelewe.

“Waelewe nini, Mwenyekiti?”

“Kwamba ni mwanamke.”

“Si watamwona akifika?”

“Mwalimu, usitucheleweshe.”

Hapo kikao kikafunguka. Mama Mweka Hazina alipendelea “rubani wa kike”, kwa kuwa linasikika kwa adabu zaidi. Nikamwambia kwamba viatu ni vya kike, choo ni cha kike, baiskeli ile isiyo na bomba la juu ni ya kike. Tukisema rubani wa kike kuna mtu atauliza kama ipo namba 38. Akanijibu, tena upesi, kwamba mbona tunasema mtoto wa kike. Nikasema mtoto bado hajapata kazi. Kijana wetu wa kompyuta akaleta “mwanamama”. Nikamwomba anieleze mwanamama ni nani, maana nikilitenganisha napata mwana wa mama, na humu ndani sijamwona ambaye si mwana wa mama. Akarudi na “mwanadada”. Nikamwambia sawa, ila kwanza aniletee mwanakaka. Bado anamtafuta. Mwisho akapendekeza “Malkia wa Anga”, na ikapata kura mbili, mojawapo ya Mkuu wa Shule.

Kuna aliyesema tuandike tu “Binti Yetu”. Huyo binti ana mistari minne ya dhahabu mabegani, alama ya kapteni, na nyumbani ana watoto wanaojua kusoma.

Mzee mmoja wa Pangani aliyewafuata wanawe huku bara, na ambaye hadi leo hajatusamehe kwa kukosa bahari, akasema tunamchezea neno lao. Kwao rubani ni mtu wa maji. Nahodha ana chombo, rubani ana njia: anajua mwamba ulipo, mlango wa bandari ulipo, mkondo unavuta wapi mwezi gani. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 merikebu alikuwa nazo, mizinga alikuwa nayo, lakini njia ya kwenda Kalikuti hakuwa nayo, mpaka akapewa rubani. Wanahistoria wanabishana hadi leo yule rubani alikuwa nani hasa. “Mtu ametoka majini akapanda hewani na jina lake lile lile,” mzee akasema, “nyinyi ndio mnamsimamisha getini mumkague.”

Mwenyekiti akamvumilia kwa kuwa ni mzee, kisha akasema kauli iliyonitoa kitini: “Haya mambo ya wanawake kurusha ndege ni mapya, ndiyo maana lazima yatajwe.”

Mapya! Mapya hapa kwenye uwanda huu wa kati? Mwaka 1928, wakati hata babu yake Mwenyekiti hajawahi kuota reli itakuja kumlisha mjukuu, Lady Mary Bailey, mama wa watoto watano, aliondoka London mwezi wa tatu akiwa peke yake kwenye kindege chepesi, akielekea Cape Town. Ndege yake iliharibikia Tabora, Tabora hii ya maembe, mwezi wa nne. Akapata nyingine, akaendelea, akafika Cape Town siku ya mwisho ya mwezi huo huo. Mwenzake Lady Heath alikuwa anakuja kwa njia hiyo hiyo akitokea kusini kwenda London, na wakakutana Khartoum. Sasa sikiliza kituko. Wakuu wa Sudan wa zama hizo walikataa katakata mwanamke apite kusini mwa nchi ile peke yake, kwa hiyo ikabidi Lady Bailey asindikizwe na rubani mwanamume angani. Mtu ametoka Uingereza hadi Khartoum bila msindikizaji, halafu anapewa wa kumvusha kama mtoto wa chekechea barabara ya Jamatini.

Hata kabla ya hapo mkia ulishafanya madhara. Mwaka 1924 tume ya kimataifa ya usafiri wa anga ilipiga marufuku wanawake kurusha ndege za biashara. Lady Heath akapambana nao mpaka marufuku ikaondolewa mwaka 1926. Kwa hiyo tunapolibandika hilo neno “mwanamke” kwenye bango kwa nia njema kabisa, tunatumia herufi zile zile zilizotumika kumzuia mtu asipewe leseni. Turudi hapa kwetu: mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikitoka Nairobi kwenda Cape Town zilikuwa zinatua Dodoma, kisha Mbeya. Nairobi yenyewe ilikuwa na kampuni iitwayo Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929. Uwanja wa Wilson unabeba jina hilo hadi leo, na ukimuuliza abiria pale Wilson ni nani, atakuambia bila shaka alikuwa mzee fulani wa Kizungu mwenye sharubu. Alikuwa mjane. Florence Kerr Wilson. Hapo penye mwanamke kweli mkia haupo, na nchi nzima inaona sharubu.

Nilisema haya yote kwa kirefu zaidi ya nilivyoyaandika hapa. Mama Mweka Hazina alikuwa ameanza kugawa karanga.

Shemeji yangu, Msandawe wa Kwa Mtoro kule Chemba, ambaye alikuja kikaoni kwa ajili ya karanga hizo hizo, akaomba kusema. Akatukumbusha kwamba hatuna kisingizio. Kwao, lugha yenyewe inatenganisha majina ya kike na ya kiume. Majirani zao Waburunge, wenye lugha ya Kikushi, ndio kabisa: kila jina lina upande wake, hata la kitu kisichozaa wala kuoa. Hao ukiwakuta wanataja jinsia, waache, lugha imewashika shati. Kigogo, Kirangi na Kiswahili hazijamshika mtu. Mkoa ni mmoja, soko ni moja, mnada wa Msalato ni mmoja, lakini Msandawe ana sababu na Mswahili ana kiherehere tu.

Ni kweli. Mfaransa naye hana ujanja, ana aviateur na aviatrice. Mwanamke wa kwanza duniani kupewa leseni ya urubani alikuwa wa kwao, Raymonde de Laroche, na aliipata tarehe 8 Machi 1910, kabla tarehe hiyo haijawa sikukuu ya khanga za sare. Mjerumani anabandika silabi mwishoni anapata Pilotin. Mwingereza alikuwa na aviatrix, neno linalosikika kama dawa ya minyoo, wakalitumia magazetini zama za kina Bailey mpaka likawachosha wenyewe. Lakini anayenifurahisha ni Mwarabu. Kwake mrusha ndege ni tayyar, na akitaka kumfanya wa kike anaongeza mkia anapata tayyara, ambalo ni neno lile lile la ndege. Ukisikia tayyara imetua huna hakika kama ni yule dada au ni tani sitini za chuma. Mzee wa Pangani akadakia kwamba kwao tiara ni kishada, kile cha karatasi wanachorusha watoto ufukweni. Kwa hiyo rubani amekuwa ndege, na ndege imekuwa kishada. Ndiyo matokeo ya mikia.

Nikatoa hoja ya mwisho, niliyodhani haijibiki, kwa kuwa ni ya hapa hapa mjini. Anne Makinda alikalia kiti cha Spika kuanzia mwaka 2010 hadi 2015. Mwaka 2022 akaja Tulia Ackson. Kila anayesikiliza Bunge anajua kwamba mbunge husema “Mheshimiwa Spika” mwanzo wa sentensi, katikati, na tena mwishoni asije akasahauliwa. Je, kuna siku umesikia “Mheshimiwa Spika Mwanamke”? Ingekuwa lazima, bajeti ya Juni ingepitishwa Krismasi. Kiti kiliwatosha, jina la kiti likawatosha.

“Lakini Rais tunasema wa kwanza mwanamke,” akasema Mkuu wa Shule.

Hapo nakubali, na nilikubali hata kikaoni, ingawa kwa sauti ndogo. Tarehe 19 Machi 2021, alipoapishwa, ilikuwa habari, na habari yenyewe ndiyo hiyo. Hali kadhalika Irene Koki Mutungi wa Kenya: alipoingia Kenya Airways mwaka 1995 hakukuwa na rubani mwingine mwanamke pale, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Huwezi kusimulia hilo bila kumtaja mwanamke. Mkia hapo unahesabu. Na shirika la Ethiopia mwezi wa Novemba 2015 liliporusha ndege kutoka Addis Ababa hadi Bangkok ikiwa na wanawake watupu, kuanzia chumba cha marubani, lilikusudia watu waone. Sawa. Ninachouliza ni cha baada ya wa kwanza. Wa pili? Wa ishirini? Huyu wetu ambaye anakuja kueleza hesabu na fizikia kwa watoto wa kidato cha pili, anahesabiwa nini?

Nikueleze ninavyoona mimi. Pita Soko la Majengo saa saba mchana. Mwanamume akiuza wali na maharage haitwi mpishi, anaitwa baba lishe. Hospitalini utasikia “nesi wa kiume”, na mgonjwa anavuta shuka hadi kidevuni. Mkia haumwelezi mtu hata kidogo. Unatangaza tu kwamba huyu kaingia mahali pasipo pake, mmtazame. Anayeonekana yuko kwake hafungwi kitu. Wewe mwenyewe umenisoma hadi hapa na hujui kama mimi ni baba au mama, na chai yako haijapoa kwa sababu hiyo.

Tukapiga kura. Nikashindwa. RUBANI MWANAMKE.

Fundi wa bango alipewa vipimo, akapewa maneno, akapewa nusu ya hela. Mchango wenyewe ulikuwa haba, kwa hiyo bango lilikuwa fupi, na fundi alipoona neno haliingii kwenye mstari akalikata kama mtu anavyokata muwa. Likatoka hivi: mstari wa juu, MGENI RASMI. Wa kati, RUBANI MWANA. Wa chini, kwa herufi kubwa kuliko zote kwa sababu nafasi ilikuwepo, MKE.

Likafungwa kati ya miarobaini miwili getini. Upepo wa Dodoma ukaja kama unavyokuja kila siku, ukalikunja katikati, na asubuhi yote wazazi waliokuwa wanaingia walisoma MGENI RASMI MKE. Bibi mmoja wa Kigogo alinisalimu mbukwenyi, akalitazama bango kwa utulivu, akaniuliza ni mke wa nani. Nikamwambia ni rubani. Akaitikia kwa huruma: “Ah, mke wa rubani.” Nikaona nikiendelea nitaharibu zaidi.

Haya, mgeni akafika. Alikuja kwa bajaji pamoja na mdogo wake wa kiume, kijana mrefu aliyevaa shati jeupe na miwani ya jua. Skauti wakampigia saluti kijana. Mwenyekiti, yule yule aliyetaka mambo yaeleweke, akamshika kijana mkono kwa mikono miwili, “Karibu sana Kapteni,” na binti wa kidato cha kwanza akamvisha shada la maua. Kijana anauza vifaa vya simu. Alilipokea shada akaligeuza akamvalisha dada yake, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Basi niambie, bango lile lilimsaidia nani? Mwanamke ametajwa, ameandikwa, amepewa herufi kubwa kuliko za shule yenyewe, na bado shada limekwenda kwenye miwani ya jua.

MC naye alikuwa na lake. “Jamani, mnamwona huyu? Mwanamke huyu! Anaendesha ndege! Si baiskeli, ndege! Na bado mrembo!” Nikatazama hilo “na bado” likielea juu ya turubai. Nilitegemea kunguru mmoja alidondoshee kitu, lakini kunguru wa Dodoma hawana msaada.

Kapteni alipopewa kipaza sauti aliongea vizuri mno, tena Kiswahili cha kueleweka. Akawaambia watoto kwamba uwanja wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa ya juu ni nyepesi, na ikipata joto la saa nane inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linahitaji hewa ya kuegemea, injini nayo inahitaji hewa ya kuvuta. Ndiyo maana ndege ile ile yenye mzigo ule ule itakimbia umbali mrefu zaidi hapa kabla ya kunyanyuka kuliko itakavyokimbia Dar es Salaam asubuhi, na ndiyo maana kuna siku mizigo hupunguzwa na abiria wanadhani wanaonewa. Akaeleza kwamba leseni ya juu kabisa ya kurusha ndege za mashirika inadai saa 1,500 za kuruka. Akaeleza redio: waongozaji wa ndege mnarani hawamwiti mama wala dada, wanaita jina la safari ya ndege na namba yake, naye anajibu kwa jina hilo hilo. Huko juu, akasema, ana jina moja na ndege yake.

Nikamtazama Mwenyekiti. Alikuwa anafungua soda.

Kisha akasimulia abiria. Akisimama mlangoni kabla ya safari na sare yake na mistari yake minne, wapo wanaompa mkoba auweke juu. Wapo wanaomwomba maji. Mzee mmoja alimwomba mto, akampatia, kisha akaenda akakaa kiti cha kushoto akawasha injini. Sauti yake ilipotoka kwenye spika kuwakaribisha, akasema, kuna utulivu fulani huwa unaingia nyuma kule ambao hausikiki akitangaza mwenzake. Ndege ikitua taratibu wanampongeza mlangoni kana kwamba wameokoka ajali. Ikigonga kidogo, basi.

Tukafungua maswali, na watu wazima ndio waliotutia aibu. Mama mmoja: ukiwa angani nani anapika? Kapteni akajibu kwamba wali anapika baba watoto, na unaungua, lakini wamekubaliana kuula. Baba mmoja: mumeo anasemaje? Akajibu kwamba mumewe husema “safari njema”. MC akataka kujua kama hawaogopi upepo “sisi wanawake”, na alivyokuwa amejumuishwa humo MC mwenyewe hakugundua.

Ndipo akasimama mtoto wa kidato cha pili, mwembamba, sweta limemzidi. Akauliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa na akili ya kuliuliza: rubani akiwa mjamzito anaruhusiwa kuruka? Kapteni akamjibu kama anavyojibiwa mtu mwenye haja ya kujua. Ukigundua, unamwarifu daktari wa usafiri wa anga. Kwa miongozo ya kimataifa, kama mimba haina matatizo, unaweza kuruhusiwa kuruka kuanzia baada ya wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26, chini ya uangalizi. Kisha unakaa chini hadi ujifungue na kupimwa upya. Mtoto akaandika zile namba kwenye daftari. Akashukuru. Halafu, badala ya kukaa, akaongeza:

“Mimi leo nilikuwa niende kumsaidia mama kwenye zabibu. Nilisikia anakuja rubani, nikaona hayanihusu. Ila jana nikaona bango wanalifunga, limeandikwa mwanamke. Ndiyo nikaja.”

Mwenyekiti aliweka soda chini. Akageuka na kiti chake kizima, akanitazama. Mkuu wa Shule akanitazama. Hata shemeji, aliyekuwa upande wangu tangu karanga, akanitazama. Hoja yangu yote, kuanzia Malindi hadi Bangkok, imechinjwa mbele ya mgeni rasmi na mtoto ambaye nyumbani kwao wanamsubiri shambani.

Sikulala vizuri. Mwenzangu nyumbani akaniambia niache, nimeshindwa, nile mlenda nilale. Lakini mtu aliyefundisha ngeli hawezi kuachia jambo likiwa hivyo. Mtoto alisikia neno rubani, neno lisilo na jinsia hata chembe, akaona suruali. Hakuziona kwenye lugha maana hazimo. Zimo vichwani mwetu, tulimrithisha pamoja na madaftari. Kwa hiyo ukimwondolea mkia leo, unamwachia suruali. Sawa. Mkia ubaki. Lakini kama ni wa kuelewesha watu, basi na ugawiwe kwa haki, kila mtu afungwe wake.

Kikao cha tathmini kilipofanyika, nikaandika muhtasari kwa uangalifu wote wa kazi yangu ya zamani. Kikao kilifunguliwa saa 4:20 asubuhi na Mwenyekiti mwanamume. Mkuu wa Shule wa kiume alitoa shukrani. Diwani mwanamume aliomba udhuru. Mwanababa MC alipongezwa kwa uchangamfu wake na, licha ya yote, utanashati. Fundi wa bango, mwanakaka mwenye kujituma, amelipwa nusu.

Mwenyekiti alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akausoma tena.

“Mwalimu, hii ‘mwanamume’ hapa ni ya nini? Kuna mtu ana mashaka?”

“Hakuna, Mwenyekiti. Ni ili watu waelewe.”

Diwani alinipigia usiku, baada ya taarifa ya habari, akiniuliza kwa upole kama kuna maneno yanasemwa mtaani juu yake. Kijana wa kompyuta alifurahi kwamba mwanakaka amepatikana. Mama Mweka Hazina ndiye pekee aliyecheka, akacheka mpaka akashika meza, kisha akasita, akaurudia ule muhtasari kwa kidole, akauliza kwa nini yeye ameandikwa Mweka Hazina tu, kavu, kama vile hakuwepo.

Muhtasari haujasainiwa. Bila saini hela haitoki, na fundi wa bango hunipigia kila jioni kudai nusu yake. Nimemwambia avumilie mpaka kamati ikubaliane yeye ni fundi wa namna gani.